Ungesema Tu Kuwa Ni Sukari

Ifakara, Jumapili baada ya misa

Mjomba Lazaro,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, na hata hilo leo linaniudhi, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba mkubwa asiyeitikia shikamoo ana jambo moyoni. Safari hii mwenye jambo ni mimi. Nimekaa karakanani kwako, kwenye kile kiti cha plastiki ulichokifunga waya mguuni, na mlango nimeufunga ili Mama Tunu asinikute naongea na mumewe kwa kalamu akadhani msiba umenipanda kichwani.

Ni miezi saba sasa. Nilikulilia, dada zako wote ni mashahidi. Nililia mpaka mama akashuka kutoka Mang'ula kuja kunishika. Lakini siku hizi nikikukumbuka naanza na hasira, na hasira ikishapoa ndiyo machozi yanafuata. Bora hasira. Ukiwa na hasira unaweza angalau kufagia karakana.

Wiki mbili, Mjomba. Wiki mbili ulilala wodini ukiwa na akili zako timamu. Asubuhi nilikuletea uji, mchana wali, na ulikula, na uliongea. Uliniambia ngazi ya aluminiamu iko kwa fundi bati wa Kibaoni, nikaidai. Uliniambia yule mbuzi mweusi asichinjwe kwenye msiba wako kwa kuwa ana mimba. Uliniambia paroko aambiwe mapema asihubiri sana, watu watakuwa wamesimama juani. Yote niliyatimiza isipokuwa la paroko, yule hakuna binadamu anayemweza. Wiki mbili za kuongea, na kuhusu makapi ya miwa hukusema hata neno moja.

Nataka uelewe ulichonifanyia, kwa hiyo naanza mwanzo hata kama mwanzo unaujua.

Unakumbuka kwamba ulikubali kazi ya dari la zahanati ya kijiji kabla hujaanguka. Ukumbi wa akina mama wanaosubiri kliniki. Bati tupu juu, saa sita mchana pale ndani ni tanuri, watoto wanalia, mama zao wanatoka nje kukaa kwenye kivuli cha ukuta. Uliwaambia wanakamati: nitawapa vigae vya jipsamu na makapi ya miwa, vyepesi, havina ufa, na joto litabaki juu huko huko. Mwenyekiti wao akauliza kama hayo makapi ni yale yale ya juisi ya miwa pale stendi. Ukamjibu kwa ile sauti yako ya kumfundisha mtu kitu ambacho hakukiomba: "Bonde zima linatupa nyuzi mtaroni, halafu tunasubiri katani ije na lori kutoka mbali. Huo ni ujinga wa kusomea." Watu wakacheka, na kazi ukapata.

Halafu ukafa, na kazi ikabaki kwangu.

Sikuogopa. Ndiyo, nasema ukweli, sikuogopa. Miaka tisa nimefanya kazi na wewe. Kuchanganya unga najua, kumimina tabaka la kwanza kwenye meza ya kioo najua, kutandaza nyuzi kwa vidole zisifanye mafundo najua kukushinda wewe, ulikuwa na vidole kama ndizi mzuzu. Tabaka la pili, kusawazisha kwa rula, kusubiri kigae kikamate kiwe kigumu, kubandua. Kitu kimoja tu sikuwahi kukifanya: kupeleka makapi mtoni. Hiyo ilikuwa safari yako. Ulikuwa unayafunga kwenye viroba, unavifunga kamba kwenye ule mti ulioinamia Lumemo, na kwa siku tatu nne unakuwa unakwenda na kurudi. Nikikuuliza unakwenda kufanya nini unaniambia, "Kumsalimia mto." Na mara mbili tatu nilipokufuata nilikukuta umechuchumaa, umekamua kiroba kiganjani, unaonja yale maji na kutema. Unaonja, unatema. Nikacheka, ukacheka, ukasema mdomo wa fundi lazima uwe na kazi. Nikadhani ni kituko chako kama vituko vingine vyote. Ulikuwa unaongea na nyundo pia, nikukumbushe.

Basi mwaka huu masika yalikuja kwa fujo. Lumemo ulifura, ule mti wako ukaondoka, na karibu na mto hakukaliki. Mimi nikajiambia, kwani mto una nini? Ni kulainisha nyuzi tu, hata kwenye ndoo zitalainika. Nikachukua makapi mabichi pale stendi, bado yananukia ndimu na tangawizi, nikayachambua, nikayachovya kwenye ndoo muda wa kunywa chai, nikaanza kazi.

Nilimimina vigae ishirini siku ile. Nilikuwa naimba, mwulize Mama Tunu.

Havikukamata. Baada ya nusu saa nilibonyeza kona ya kigae cha kwanza na kidole kikazama. Nikasema ni baridi ya mvua. Baada ya saa moja kidole kikazama. Jioni bado. Kesho yake vilikuwa kama uji uliolala, juu vimekauka kidogo, ndani tope, na nilipojaribu kubandua kimoja kikabaki mkononi vipande vipande huku nyuzi zinaning'inia. Nikatupa vyote. Nikachanganya upya, unga mwingi maji machache. Vilevile. Nikabadilisha ndoo, nikasugua meza, nikatumia maji ya bomba badala ya kisima. Vilevile, Mjomba, vilevile! Wiki nzima nilikuwa napika tope.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo bado linanichoma.

Nilikwenda dukani kwa Bwana Mbwana. Unajua jinsi alivyo, Bwana Mbwana, mpole, kanzu safi, anakukaribisha kahawa kabla hujasema shida yako. Mtu aliyekuuzia jipsamu miaka yote na siku ya kukuzika akashika koleo pamoja na vijana wa kwaya. Nilimvamia dukani watu wamejaa, nikaweka kile kigae cha tope juu ya kaunta yake, nikamwambia wewe alikuuzia unga mzima ulipokuwa hai na mimi ananiuzia unga uliokufa kwa sababu mimi ni mwanamke. Nilisema hivyo. Kwa sauti yangu ile. Hakujibu kwa hasira. Alipangusa kaunta kwa leso yake akasema, "Mwanangu, mjomba wako hajawahi kunirudishia hata kiroba kimoja." Nikaondoka nimebeba tope langu.

Mdomo huponza kichwa. Kabla ya magharibi habari zilikuwa zimefika kila mahali, na zilipofika kwenye kamati ya zahanati mwenyekiti akanipigia simu. Alikuwa na adabu sana, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema wananipa mpaka mwisho wa wiki inayofuata, baada ya hapo wataagiza bodi za dukani kutoka Dar. Nilisikia mtu nyuma yake akisema, wala hakujificha, "Fundi alikuwa Lazaro. Huyu alikuwa anamshikia ndoo."

Anamshikia ndoo! Miaka tisa. Nyumba ya yule mwalimu kule Mlimba, uliposhikwa na homa kwenye treni ukalala siku mbili, nani aliweka dari zima? Nani alipanda kwenye kenchi za paa wakati wewe umejifunika blanketi barazani unatoa amri? Lakini nilikaa na simu mkononi na nikaanza kujiuliza kama ni kweli. Hicho sikusamehe kirahisi, Mjomba. Kwamba ulinifanya nijiulize.

Kilichoniokoa ni sisimizi.

Usicheke. Asubuhi ya Jumanne niliingia karakanani nikakuta mstari wa sisimizi kutoka dirishani, umeshuka ukutani, umepita chini ya rafu, umepanda kwenye meza, na vigae vyangu vya tope vimekuwa vyeusi kwa sisimizi. Nilichukua ufagio kuwafukuza, nikiwatukana kwa maneno ambayo sitayaandika Jumapili. Halafu nikasimama. Jipsamu sisimizi wa nini? Miaka tisa sijaona sisimizi kwenye jipsamu. Nikavuta uzi mmoja kutoka kwenye kigae, nikauweka mdomoni.

Mtamu.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nilikuona umechuchumaa mtoni, umekamua kiroba, unaonja, unatema. Hukuwa unasalimia mto. Ulikuwa unasubiri utamu uishe. Unga wa jipsamu hautaki sukari, ukiichanganya nayo unagoma kukamata, na wewe ulijua, na ulinyamaza, na uliniacha nicheke! Siku zote zile nilizokucheka, ungesema sentensi moja. Devota, ni sukari. Maneno matatu. Paroko angeyasema kwa saa moja na nusu lakini wewe ungeyasema kwa pumzi moja ukaendelea na uji wako.

Nilikutukana kwa sauti. Mama Tunu akachungulia dirishani, akaniona nimekaa chini na makapi mdomoni, akaondoka kimya kimya. Jioni aliniletea supu ya kuku.

Mto ulikuwa bado umefura, kwa hiyo nikaazima mapipa matatu. Makapi pipa la kwanza, asubuhi namwaga, yanakwenda la pili, kesho la tatu, na kila nikibadilisha maji naonja. Maji ya kwanza ni kama chai ya msibani kwa sukari. Mama Tunu anawapa nguruwe, na wale nguruwe sasa wakinisikia nafungua geti wanapiga kelele. Ya pili yana utamu wa mbali. Siku ya tatu nilionja, nikatema, nikaonja tena, hakuna kitu, ladha ya maji na majani basi. Nikayaanika makapi kwenye mkeka, nikachanganya unga kidogo, nikamimina kigae kimoja tu.

Nilikuwa naogopa kugusa. Ulikuwa unaniambia niweke kiganja juu, nisibonyeze, niweke tu, kwa sababu jipsamu inapokamata inapata joto kama mtoto mwenye homa ndogo. Nikaweka kiganja. Kwa muda hakuna kitu. Baridi. Nikaanza kusali Salamu Maria na katikati nikakosea maneno. Halafu joto likaja, taratibu, kutoka chini, likajaa kiganja chote, na mimi nikalia, Mjomba. Nililia kuliko siku ya mazishi. Sikutaka kuondoa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe kuwa na kitu chenye joto ambacho kimetoka kwako.

Basi. Nimefuta uso na nimeendelea na kazi, na barua inaendelea.

Nilimaliza kumimina siku moja kabla ya muda wao. Nilipanda kwenye kenchi mwenyewe na ngazi ya aluminiamu, ndiyo, yule fundi bati aliirudisha ila ameipaka rangi ya kijani, sijui kwa nini. Mwenyekiti alikuja na fimbo akagonga kigae kimoja, akagonga kingine, akasikiliza kama anapima tikiti maji. Hakusema nimefanya vizuri. Alisema, "Kumbe." Nimeichukua hiyo "kumbe" nikaiweka mfukoni, inatosha. Nesi mkuu ndiye aliyenipigia baadaye kuniambia akina mama wamerudi kukaa ndani, na mtoto mmoja alilala usingizi mpaka zamu yake ikapita.

Lakini nilikuwa bado na deni la heshima kwa Bwana Mbwana. Nilikwenda asubuhi, nikasubiri watu wajae, maana nilimtukana mbele ya watu. Nikapiga goti pale mbele ya kaunta. Nikasema unga ulikuwa mzima, mgonjwa nilikuwa mimi. Aliniinua akaniambia nisimwaibishe, goti ni la Mungu. Akanimiminia kahawa. Halafu akasema kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike barua hii badala ya kwenda kulala kama watu wengine wanavyofanya Jumapili.

Alisema wiki ile kabla hujaanguka ulipita dukani kwake. Akakuuliza utaniachia lini karakana. Ukamjibu, "Amebakiza jambo moja tu. Nitamwambia siku akiacha kubisha."

Siku akiacha kubisha.

Mjomba! Mimi nimebisha tangu nina meno ya maziwa. Nilibishana na padre kwenye Komunyo ya Kwanza. Nilibishana na wewe siku ya kwanza uliponipa mwiko, kuhusu namna ya kuushika, na nilikuwa na haki, na siku hizi mafundi wote wanaushika nilivyosema. Ulitegemea niache lini? Ungeishi miaka mia ungekufa na jambo lako tumboni. Na tuseme ningeacha, tuseme ningekuwa mpole wa kukubali kila kitu, ndiyo mtu ambaye ungetaka ashike karakana yako? Huyo ndiye mshika ndoo, Mjomba. Yule uliyekuwa unamsubiri ndiye yule waliyenitukana naye.

Nilipofika nyumbani nilikuwa bado nakugombeza, na Mama Tunu akaniuliza nini tena. Nikamwambia. Akaendelea kupepeta mchele, halafu akasema, "Aliogopa." Nikamuuliza aliogopa nini. "Alikuwa na jambo moja tu lililobaki la kukufundisha. Angekuambia, ungekuwa huna haja naye."

Sijui kama ni kweli. Yeye alilala na wewe miaka thelathini, mimi nilifanya kazi na wewe tisa, sitabisha. Unaona? Sibishi. Lakini kama ni kweli basi ulikuwa mpumbavu kuliko nilivyofikiri, kwa sababu mimi sikuwa nakuja karakanani kwa ajili ya makapi. Ningekuja tu. Ningekuja kubishana na wewe kuhusu jambo lingine. Tulikuwa na migomba hatujaijaribu, tulikuwa na pumba za mpunga, tulikuwa na matete yale ya Chita uliyosema yana nyuzi nzuri, miaka ishirini ya ubishi ilikuwa inatusubiri.

Sasa nikuambie nilichofanya, na ukasirike ukipenda.

Mwezi uliopita alikuja fundi mmoja kutoka Mlimba, ameteremka na treni kwa ajili hiyo tu. Amesikia kuhusu dari la zahanati. Akazunguka zunguka kama mtu anayetaka kuposa, mwishowe akauliza siri ni nini. Nilimwambia. Nilimpeleka kwenye mapipa, nikakamua makapi kiganjani mwake, nikamwambia onja. Akaonja. Nikamwambia huu utamu usipoisha, kazi yako itakuwa chakula cha sisimizi. Aliniangalia kama amepewa kitu kisha anasubiri aambiwe arudishe. Baada yake wamekuja wanawake wawili wanaosuka mikeka, wanataka kujaribu na ukindu. Nao niliwaambia. Wauza juisi pale stendi siku hizi hawatupi makapi mtaroni, wananiwekea pembeni, na nimewaambia hata wao.

Najua ungenifokea. Ungesema nimegawa mali ya karakana. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe ulificha mpaka nusura karakana yenyewe ikose mrithi. Mimi sitaki kulala wodini na jambo tumboni. Sitaki mtu yeyote akae sakafuni siku moja na makapi mdomoni, anamtukana Devota aliyekufa.

Naagana nawe hapa, Mjomba. Pumzika. Nimekusamehe, ila si sana, na si kila siku. Kaburi lako nimelipalilia, na ukuta wake mdogo tutaujenga kabla ya mvua za vuli. Nakuahidi karakana haitafungwa, na nakuahidi kwamba atakayeingia pale mlangoni akauliza, mbishi au mpole, atajibiwa siku hiyo hiyo.

Nimeandika ukutani, juu ya mapipa, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, mtu aone hata akiwa barabarani: LOWEKA. MWAGA. ONJA. YAKIWA MATAMU, RUDIA. Ukitaka kuyafuta, njoo uyafute mwenyewe.

Mpwa wako anayebisha,
Devota